Barua ya Sheikh Ahmad



Barua ninayotaka kukueleza habari zake, yamkini wewe mwenyewe umepata kuishika mkononi. Kama umri wako ni kama wangu, uliipata imeandikwa kwa wino katika karatasi ya daftari, au imepigwa taipu na kutolewa nakala juu ya nakala hata herufi zikawa hazisomeki. Kama wewe ni kijana, umeipata katika simu. Lakini barua ni ile ile moja. Yasema kwamba Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, alikuwa akisoma Qur'ani usiku wa kuamkia Ijumaa, usingizi ukamchukua, akamwona Mtume. Mtume akamwambia kuwa katika juma moja wamekufa watu maelfu kwa maelfu (hesabu hubadilika barua kwa barua) na hakuna katika hao aliyekufa katika Uislamu. Kisha zafuata lawama: sala zimeachwa, matajiri hawatoi zaka, wake hawawatii waume zao. Kisha zafuata alama za Kiyama, na kwamba mlango wa toba u karibu kufungwa.

Mpaka hapo utasema, ni mawaidha. Sumu imo mkiani. Mwisho wa barua waambiwa kuwa atakayeinakili na kuipeleka mji hadi mji atajengewa kasri peponi. Maskini atatajirika, mwenye deni atalipiwa. Na atakayeipuuza, shafaa ya Mtume itamkosa, na hapa duniani utampata msiba. Hutajiwa na mfano: fulani hakuamini, mwanawe akafa.

Mimi barua hii niliipata mwaka 1972, Tanga, nami ni mtoto wa miaka 11. Jirani aliileta kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea. Bibi hakujua kusoma hati za Kirumi, akaniita nimsomee. Nikamsomea pale barazani, naye akalia mpaka ukaya wake ukaloa. Kisha akafungua pindo la kanga akanipa senti za kununua karatasi, akaniambia, "Andika, mjukuu wangu, usije ukatuponza." Barua ilitaka nakala 20. Naliandika 9 kwa taa ya koroboi. Kesho yake wenzangu walikuja kunichukua kwenda kucheza mpira ufuoni, na siku ya pili vile vile, nami karatasi zilizobaki nikazificha chini ya jamvi. Haikupita nusu mwezi bibi akashikwa na homa, na siku ya tano akafa.

Sikumwambia mtu. Nalibeba jambo lile zaidi ya mwaka. Mtu akitaja jina la bibi nilikuwa natoka nje. Nilipokuwa nikisoma chuoni, kila ilipofika zamu yangu ya kusoma Yaasin ya marehemu, sauti ilinikauka, maana nilijiona mimi ndiye niliyemwua. Maalim wangu aliligundua hilo, akanizuia siku moja baada ya wenzangu kuondoka, akanidadisi mpaka nikasema. Hakucheka wala hakunikaripia. Aliniambia niilete ile barua. Nilipoileta akauliza, "Nani aliyewapa?" Nikamtaja jirani. "Naye kapewa na nani?" Nikasema sijui. "Na huyo sijui, kapewa na nani?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi wewe umemwamini bwana Sijui juu ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Ajali ya bibi yako iliandikwa kabla mzushi huyu hajanunua wino." Nalilia siku ile kilio ambacho siku ya maziko sikukilia.

Sasa tuingie katika tarikh, maana barua hii ina tarikh, tena ndefu, na sehemu yake moja imepita hapa hapa pwani yetu.

Mholanzi mmoja mtaalamu wa mambo ya Kiislamu, Christiaan Snouck Hurgronje, aliandika makala juu yake mwaka 1884, kwa sababu ilikuwa imeenea katika visiwa vya Indonesia vilivyokuwa chini ya Waholanzi, na watawala waliingiwa na hofu. Na Sheikh Muhammad Rashid Rida, mwenye jarida la Al-Manar la Cairo, alipoulizwa juu ya wasia huu alijibu kuwa ni uongo, na kuwa yeye ameuona mara nyingi tangu alipokuwa mtoto akijifunza kuandika, na kila mara umenasibishwa na Sheikh Ahmad huyo huyo. Rashid Rida alizaliwa mwaka 1865. Hesabu mwenyewe, msomaji, huyo Sheikh Ahmad ana miaka mingapi leo, naye angali akiota ndoto ile ile kila mwaka!

Mwaka 1908 barua ikazuka Lindi. Yakupasa uikumbuke Lindi ya siku zile ilikuwaje. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 huko Umatumbi, vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia tu. Wajerumani walivizima kwa risasi na kwa njaa: mashamba yalitiwa moto, vyakula vikateketezwa, na wako wanahistoria wanaohesabu waliokufa kufika 250,000 hata 300,000. Wengi wao hawakufa kwa bunduki, walikufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Bara ya Lindi ilikuwa ndani ya moto ule. Sasa waletee watu kama hao karatasi isemayo kuwa dunia inakwisha. Je, watataka ushahidi gani zaidi? Ushahidi walikuwa wameuzika kwa mikono yao wenyewe. Ndiyo maana mimi siwalaumu watu wa Lindi. Barua ilinakiliwa, ikasomwa, ikatoka mji huu kwenda mji huu wa pwani, ikaingia hata bara.

Maofisa wa Kijerumani wakashtuka. Hawakusoma humo wito wa toba, walisoma vita vingine vya Maji Maji, na safari hii vikiongozwa na Waislamu. Wakaiita "barua ya Makka", ingawa kaburi la Mtume liko Madina na kila mtoto wa chuo alijua hivyo. Kidole wakamnyoshea Muhammad bin Khalfan Al-Barwani, yule ambaye watu wakimwita Rumaliza, tajiri wa zamani wa Ujiji aliyepigana na Wabelgiji na baada ya kushindwa akaja kukaa Unguja. Wakasema nakala zatoka kwake na kwa jamaa zake wa Lindi. Watu wakakamatwa. Wamisionari nao wakaandika kwao Ulaya kuwa Uislamu wa pwani ni hatari kwa dola, na jambo hili likawa hoja mikononi mwao kwa miaka.

Tazama basi, ndugu msomaji, uzushi mmoja ulivyozaa wa pili. Watu wetu waliamini kuwa Mtume kaleta barua, na Wajerumani waliamini kuwa Waislamu wa dunia nzima wamekula njama nyuma ya barua ile. Hawa walikuwa mateka na wale walikuwa watawala, lakini hofu ni moja, na kwa hofu kila mmoja akaamini lile aliloliogopa. Laiti ofisa mmoja angaliifungua makala ya yule Mholanzi, iliyokuwa na umri wa miaka 24 wakati huo, angaliona kuwa karatasi ile ilikuwa ikizunguka duniani kabla bendera ya Ujerumani haijatwekwa Lindi.

Na mambo ya watawala hayana haya. Haikupita miaka 7. Novemba 1914 Dola ya Uthmaniya ilipoingia vitani upande wa Ujerumani, jihadi ikatangazwa Istanbul, na Wajerumani wale wale waliokuwa wakitetemeka kwa barua ya Sheikh Ahmad wakawa mbele kueneza tangazo lile kwa Waislamu, hata huku kwetu Afrika Mashariki. Karatasi ya Kiislamu iliyokuwa fitina mwaka 1908 ikawa baraka mwaka 1914, kwa kuwa safari hii ilimchoma Mwingereza.

Masheikh wameikataa barua hii kizazi baada ya kizazi. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliandika kijitabu kizima kuionya umma. Hakukaa chini tu akapiga fatwa. Alikwenda kuwauliza jamaa za huyo Sheikh Ahmad anayetajwa, akajibiwa kuwa mzee wao amesingiziwa, maneno hayo hakuyasema kabisa, na kuwa mwenyewe alikwisha kufa zamani. Najua kuwa wengi wetu hapa pwani hatukubaliani na Sheikh bin Baz katika mambo ya maulidi na mengineyo. Katika hili sikupata kusikia mwanachuoni wa upande wowote aliyempinga.

Lakini mzee mmoja, mtu wa safu ya mbele msikitini, aliniambia maneno ambayo najua hata wewe yamekupitia moyoni. Alisema, "Sheikh, tuseme ni uongo. Una madhara gani? Yahimiza sala, yahimiza zaka. Mtu akisali kwa sababu ya karatasi, si amesali?"

Swali hili si jipya. Katika karne ya pili ya Hijra alikuwako kadhi wa mji wa Marw, jina lake Nuh bin Abi Maryam, naye lakabu yake Al-Jami', yaani mkusanyaji, kwa wingi wa elimu alizozikusanya. Mtu huyu alileta hadithi za fadhila za sura za Qur'ani, sura baada ya sura, atakayesoma hii atapata kadha na atakayesoma hii atapata kadha. Alipobanwa amezitoa wapi, inapokewa kuwa alikiri: aliona watu wameshughulika na fikihi ya Abu Hanifa na visa vya vita vya Ibn Is-haka, wameiacha Qur'ani, basi akazitunga kwa kutaka thawabu. Nia ilikuwa njema, tazama! Maulamaa hawakumstahi. Walimwandika katika vitabu vyao kuwa ni mzushi wa hadithi, na mmoja wao alisema kwa kejeli kuwa Al-Jami' huyu kakusanya kila kitu isipokuwa ukweli. Kwani onyo la Mtume juu ya mwenye kumzulia maneno, ambalo limepokewa na masahaba wengi mno, halikumtoa mwenye kuzua kwa nia njema.

Na madhara yapo. Nitakuonyesha madhara hayo kwa jambo ambalo mkosaji wake ni mimi mwenyewe.

Julai 1969 Neil Armstrong wa Marekani na mwenzake Aldrin walikanyaga mwezini. Baada ya miaka zaidi ya kumi ikaenea habari katika nchi za Kiislamu, kuanzia Misri mpaka Malaysia na Indonesia, tena magazetini, kwamba Armstrong alipokuwa mwezini alisikia sauti asiyoijua, na alipokuja kuzuru Misri akaisikia tena, akaambiwa kuwa ni adhana, akasilimu hapo hapo. Habari ilivuma mpaka Machi 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikapeleka taarifa kwa balozi zake katika nchi za Kiislamu, kueleza kuwa Armstrong hakusilimu. Mwenyewe naye alikanusha. Alikuwa akiishi shambani karibu na mji mdogo wa jimbo la Ohio uitwao Lebanon; yawezekana kuna aliyesikia jina hilo akadhani kahamia nchi ya Waarabu. Armstrong alifariki Agosti 2012, na ibada ya kumkumbuka ikafanywa katika kanisa kubwa la Washington.

Mimi kanusho lile halikunifikia, habari ndiyo iliyonifikia. Nalikuwa ustadhi kijana, nina darsa ya watoto wakubwa baina ya magharibi na isha, nami nikaipamba. Mwaka ulikuwa 1984. Nikawaambia, adhana imesikika mwezini, mwataka hoja gani tena? Kijana mmoja aliyekuwa akisoma sekondari akainua mkono kwa adabu, akasema, "Maalim, tumefundishwa kuwa mwezini hakuna hewa, na sauti haipiti pasipo hewa. Basi aliisikiaje?" Swali jema, na jibu lake sikuwa nalo. Ningalisema sijui. Badala yake nikamkaripia mbele ya wenzake, nikamwambia elimu ya Kizungu imemharibu moyo. Hakurudi darsani mwezi ule, wala mwezi uliofuata. Nilipokuja kujua ukweli, na hilo lilikuwa baada ya miaka, nilimtafuta nikamwomba radhi. Alinisamehe kwa ulimi. Lakini aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba tangu usiku ule, kila nilipotaja hadithi au aya, yeye alikuwa akijiuliza kama na hiyo ni ya mwezini.

Hayo ndiyo madhara, na yule mzee wa safu ya mbele nilimjibu kwa kisa hicho. Ukimjengea mtoto imani juu ya Armstrong, siku Armstrong atakapoanguka wadhani mtoto ataangukia wapi? Adhana haikuwa na haja ya shahidi kutoka mwezini. Yasikika Makorora na Mji wa Kale kila alfajiri, na wengi wetu twaigeuzia ubavu.

Ajabu ni kuwa sisi ni umma uliofundishwa tangu zamani namna ya kuipokea habari. Suratul Hujurat yatuamuru tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Suratun Nur ilishuka kwa sababu ya maneno aliyozushiwa Bibi Aisha (r.a.), yakazunguka Madina muda wa mwezi mzima, na waliyoyabeba si wanafiki peke yao, walikuwamo na Waislamu wema waliosema tu kile walichosikia. Na katika Uhud ilitosha sauti moja kupaza kuwa Muhammad ameuawa, wanaume waliokuwa wakipigana wakakaa chini.

Kisa nikipendacho zaidi ni cha Sayyidna Umar (r.a.). Siku moja ilienea Madina kuwa Mtume amewaacha wake zake. Umar aliingia msikitini akakuta watu wamekaa, wameinama kwa huzuni, wanaambizana habari hiyo. Binti yake Hafsa alikuwa mmoja wa wake hao, basi nani aliyekuwa na haki zaidi ya kupaparika? Hakupaparika. Alikwenda mpaka penye chumba alichojitenga Mtume, akaomba ruhusa, hakujibiwa. Akarudi akaomba tena, na tena, mpaka akaruhusiwa. Akauliza ana kwa ana. Mtume akasema hapana. Ndipo Umar akasimama mlangoni mwa msikiti akatangaza kwa sauti ya juu kuwa habari ile si kweli. Msikiti ulijaa watu, wote wameisikia habari, na nyumba ya mwenyewe ilikuwa hatua chache tu. Aliyekwenda kuuliza alikuwa mmoja.

Sikusema habari za mumiani, wala za popobawa wa Pemba wa mwaka 1995, ingawa najua ungependa. Hizo zina makala yake.

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike, ana miaka 10, alinijia baada ya isha na simu ya mama yake mkononi. "Shikamoo babu." Marahaba. "Babu, hapa pameandikwa ukituma kwa watu 20 utasikia habari njema, usipotuma utafiwa. Nitume?" Nikavaa miwani. Sheikh Ahmad huyo! Kaburi la Mtume, usiku wa Ijumaa, Kiyama, kila kitu, na chini yake maua ya rangi na picha ya kuba la kijani. Nikamwita mama yake tukaitafuta silsila. Yeye kaipata kwa jirani. Tukampigia jirani: yeye kaipata kwa dada yake aliyeko Maskati. Dada yake naye, alipoulizwa, akasema imemjia katika kundi la harusi, aliyeituma hamjui. Basi bwana Sijui yuko Maskati sasa.

Nikamweleza mtoto kisa cha bibi yangu na zile nakala 9. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Bibi yako alikuwa anaumwa tangu zamani?" Nikamwambia, alikuwa mzee. Akaishika simu, akanitazama, akaifuta ile barua mwenyewe kwa kidole chake. Tukala, tukalala.

Usiku ule alikuja mlangoni kwangu mara mbili, akisema, "Babu, umelala?"